Mwanangu, akinyamaza ndipo ukimbie

Dodoma mjini
Jumatano, saa tano asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Asubuhi kwenye simu sikupata hata nafasi ya kuitikia shikamoo yako. Ulianza na "Mama, kuna mtoto wa kondoo hasimami," nami nikakurushia maswali mpaka chaji ikaisha. Hapa wodini tundu la umeme ni moja na wanaolisubiri ni wengi, kwa hiyo nimeomba karatasi kwa nesi, naandika. Kondakta wa basi la saa nane linalopita Mbande amekubali kubeba mfuko huu. Mpokee kituoni jioni, usimtume mdogo wako.

Kwanza bibi yako, maana najua utaruka mistari ukimtafuta yeye. Usiku wa kuamkia leo alilala. Kile kiharusi kimemwacha mkono wa kulia hauna nguvu, na kumeza bado ni shida, hivyo wanamlisha uji mwepesi na maziwa kwa mpira unaopita puani. Anasema maneno machache, polepole, ila anatufahamu wote. Nilipomwambia habari za mwanakondoo alifumbua macho akanitazama muda mrefu. Nitarudi kwake mwisho wa barua.

Ndani ya mfuko kuna chupa ndogo ya ayodini, mabomba mawili ya sindano ya mililita 20 (sindano zenyewe nimezitoa), chuchu ya mpira, mpira mwembamba wa kulishia, kipimajoto, pakiti ya glukosi na glavu. Nimevinunua duka la dawa za mifugo. Hela ni ile niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya khanga ya sikukuu, kwa hiyo vitunze, vioshwe kwa maji ya moto kila vikitumika.

Sasa mwanakondoo. Uliniambia ni pacha, kazaliwa kabla ya alfajiri, na mama yake ni yule mwekundu aliyechanika sikio. Mwenzake alisimama akanyonya, huyu akabaki nyuma kwenye upepo wa zizi. Ulimkuta amelala ubavu, kichwa bado anakiinua, na ulipomtia kidole mdomoni ulikuta baridi. Nikakuambia umfute kwa gunia kavu mpaka manyoya yasimame, umtie ndani ya sweta lako kifuani, kisha ukamue dang'a, yale maziwa ya kwanza, kutoka kwa mama yake umpe kidogo kidogo. Ukaniambia amemeza. Nilipolisikia neno hilo, simu ikazima, nikabaki nimeishika sikioni kama bado unaongea.

Ulifanya sawa, nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Sasa nikueleze kwa nini, ili siku nyingine usisubiri simu ya mtu.

Mwanangu, waswahili wana msemo, kufa kikondoo, yaani kufa kimya. Aliyetunga msemo huo alikuwa amefuga. Mbuzi akiumwa kijiji kizima kitajua, akibanwa mguu atapiga kelele mpaka aje mtu. Kondoo hunyamaza. Anasimama pembeni, anainamisha kichwa, na ukiwa na haraka utasema huyu ametulia. Hata mtoto wake ni hivyo hivyo. Anapozaliwa na njaa hulia, na sauti hiyo inakera usiku, wewe mwenyewe umewahi kulalamika. Lakini anayelia bado ana nguvu ya kulia. Akinyamaza bila tumbo kujaa, hapo ndipo ukimbie. Kila usiku ninapokuwa mbali nanyi ndilo ninaloliwaza: ninyi wawili mmelala, zizi limetulia, mnadhani utulivu ni heri.

Na tunachokiita ugonjwa kwa mwanakondoo wa siku moja, mara nyingi si ugonjwa. Ni baridi na njaa. Huzaliwa amelowa, ana kilo mbili au zaidi kidogo, na Juni hii ya Kongwa upepo wa alfajiri unampitia mpaka mifupani. Ndani ya mwili anazaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya pekee ya kumpa joto, na akiba hiyo inatosha kwa muda wa saa tano hivi. Ikiisha kabla hajanyonya, hana kitu kingine cha kuchoma. Kwa hiyo swali la kwanza si "anaumwa nini?" Uliza amezaliwa saa ngapi na amekula nini. Bibi yako kila akiitwa kwenye zizi la mtu huanza na hilo, na watu humwona kama anapoteza muda.

Nitakueleza jambo ambalo hulijui. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kabla hujazaliwa, niliua mwanakondoo. Alikuwa amezaliwa jana yake, nami sikumtazama tena mpaka jioni ya pili. Nikamkuta amelegea kama kitambaa, mdomo baridi, kichwa hakiinuki. Nikambeba mbio jikoni nikamweka karibu kabisa na moto. Nilikuwa mgeni katika boma la watu na nilitaka sana waone ninaweza. Akaanza kupata joto. Akatikisika, nikafurahi nikijua anarudi. Nikachota maziwa kwa kijiko nikamiminia mdomoni, nikasikia yanakoroma kooni. Kisha shingo ikapinda nyuma, miguu ikaanza kupiga hewa, akafa mikononi mwangu huku manyoya yake yakiwa ya moto.

Bibi yako aliingia, akamgusa, akaniuliza, "Alizaliwa lini?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alikaa nami pale jikoni mpaka moto ukazima. Miaka mingi baadaye ndipo afisa mifugo alinieleza nilichofanya. Mwanakondoo aliyepitisha saa tano tangu azaliwe na amepoa sana, sukari ya damu yake imekwisha. Ukimpasha joto kwanza, mwili unaamka na kudai chakula, na kichwa hakina cha kutumia, basi anakamatwa na degedege. Na aliyelegea hawezi kumeza, kwa hiyo maziwa uliyommiminia yanaingia mapafuni. Yaani nilikosea mara mbili katika robo saa moja, kwa upendo mtupu.

Kwa hiyo shika utaratibu huu. Aliyezaliwa sasa hivi na amepoa, mkaushe, mpashe joto, kisha mlishe. Aliyekaa muda mrefu na amepoa lakini anainua kichwa, mlishe kwanza, kisha joto. Aliyekaa muda mrefu na kichwa hakiinuki, usimtie kitu chochote mdomoni wala usimkimbize motoni. Huyo anahitaji glukosi ya kudungwa tumboni, na kazi hiyo si yako, ni ya afisa mifugo wa kata. Namba yake nimeiandika nyuma ya kalenda ya sebuleni. Mpigie hata usiku wa manane, mimi nitamwomba radhi.

Kipimajoto kitakusaidia usibahatishe. Kipake mafuta kidogo, kiingize taratibu kwenye njia ya haja, subiri dakika mbili ukimshika mkia. Mwanakondoo mzima husoma nyuzi 39 hadi 40. Ndiyo, ni joto kuliko letu, usishtuke ukadhani ana homa. Chini ya 39 amepoa, umwangalie. Chini ya 37 ni hatari, hapo kumbuka niliyosema juu. Baada ya kukitumia kiandike "kondoo" kwa kalamu ya wino, kisije kikaingia kinywani mwa mdogo wako.

Kuhusu joto lenyewe: usiku wa leo alale ndani, siyo zizini. Bibi yako alilelewa kwenye tembe, na watoto wa mbuzi na kondoo walilala chumba kimoja na watu, hakuna aliyeona ajabu. Chukua lile boksi la sabuni, tandika majani makavu ya mahindi, jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za nusu lita, zifunge kwa vitambaa, ziweke kila upande wake. Zikipoa ubadilishe. Lakini jiko la mkaa lisilale ndani na ninyi mmefunga dirisha. Nakuomba kwa jina la Mungu. Hewa ya mkaa haina harufu na haiamshi mtu.

Tuje kwenye maziwa. Kondoo hapati kinga yoyote kutoka kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga yote inakuja kwenye yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Na utumbo wake unaipokea vizuri saa chache za mwanzo tu. Siku ikizunguka, mlango huo umefungwa, hata umpe ndoo nzima inabaki chakula tu. Kwa ukubwa wa huyu wetu anahitaji kama mililita 100 kwa mlo mmoja, yaani bomba moja likijazwa mara tano, na mililita 400 kwa siku nzima ya kwanza. Kama hukumpa kiasi hicho leo usikate tamaa, endelea kumkamua mama yake mpaka usiku.

Na umtazame huyo mama vizuri. Shika kila chuchu, bonyeza, itoe ile nta inayoziba tundu, maana wakati mwingine mtoto ananyonya kwa nguvu zake zote na hakuna kinachotoka. Pitisha kiganja kwenye kiwele. Kikiwa upande mmoja cha moto, kigumu, chekundu, na maziwa yanatoka kama maji au yana damu, ana ugonjwa wa kiwele, naye atampiga teke mtoto kwa sababu anaumia. Watu husema kondoo huyu ana roho mbaya. Hana. Mwite afisa mifugo.

Kama kiwele ni kizima ila maziwa ni machache, ni njaa yake yeye. Mvua ziliisha Aprili na nyasi sasa ni vijiti. Mpe mashudu ya alizeti kopo moja asubuhi na moja jioni, na yale majani ya karanga niliyoyafunga juu ya dari ni ya wanaonyonyesha, si ya madume. Maji yasikauke. Baba yako alipoondoka na ng'ombe kwenda Kiteto alisema kondoo watajitafutia. Namheshimu baba yako, lakini mwenye kunyonyesha mapacha hajitafutii.

Sasa lile la sabuni. Uliniambia mdogo wako alimwogesha mwanakondoo kwa sabuni ya kuogea "ili mama yake ampende." Usimkaripie. Mwambie tu kwamba kondoo humjua mwanawe kwa pua, humnusa chini ya mkia anaponyonya, na akikuta harufu ya maua anadhani ni mtoto wa mtu mwingine. Mfanye hivi: kamua maziwa ya mama umpake mtoto kichwani, mgongoni na chini ya mkia. Kama kondo la nyuma lipo na halijaliwa na mbwa, vaa glavu, mpake hilo, ndilo linalofaa kuliko yote. Mpake na mwenzake pia, wanuke sawa. Kisha watenge watatu kwenye kona ya zizi kwa yale mabanzi, pawe padogo, mama asiweze kuzunguka na kukimbia. Akimsukuma, mshike kichwa mtoto anyonye. Siku mbili, mara nyingine tatu. Mkono utakuuma. Nilimshika hivyo mama wa huyu mwekundu mpaka bega likavimba, na siku ya nne nilimkuta anamlamba mwanawe usoni.

Mtoto akishindwa kunyonya kwa mama, utamlisha kwa chupa. Asimame kwa miguu yake, au umwegemeze gotini mwako, shingo imeinuka kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yatakosea njia. Maziwa ya mbuzi wetu yanafaa. Ya ng'ombe kwa jirani pia yanafaa, lakini usiyaongeze maji. Najua kila mtu atakuambia uongeze maji kwa kuwa mtoto ni mdogo. Maziwa ya kondoo ni mazito kuliko ya ng'ombe, yana mafuta karibu mara mbili, kwa hiyo ukipunguza ya ng'ombe unampa mtoto maji ya kuoshea kikombe. Yawe vuguvugu, jaribu kwenye kifundo cha mkono. Kidogo na mara nyingi: kila saa nne, na usiku pia. Saa mbili, saa sita, saa kumi. Weka simu ikuamshe, na kama haina chaji, kunywa maji mengi kabla ya kulala, utaamka tu.

Mpira wa kulishia ni kwa wakati mmoja tu: anainua kichwa, lakini hana nguvu ya kunyonya. Mara ya kwanza usifanye peke yako, mwombe afisa mifugo au baba mdogo akuonyeshe. Pima kutoka puani hadi ubavu wa mwisho, weka alama kwa kalamu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu ulainike. Pitisha pembeni mwa mdomo, juu ya ulimi, mwache aumeze mwenyewe, usisukume. Akikohoa au akihangaika, toa, pumzika, anza upya. Ukifika alama, unganisha bomba bila kile kisukumio, mimina, maziwa yashuke yenyewe. Unapotoa, ukunje mpira ubanane ili matone yasidondokee njia ya hewa. Jana nilimwangalia nesi akimlisha bibi yako. Kwanza aliinua kitanda upande wa kichwa, akahakikisha mpira uko mahali pake, akamimina polepole, hakusukuma. Nikasema moyoni, huyu binti angeweza kufuga.

Jirani akija kukushauri umpe gongo kijiko kimoja apate joto, mshukuru, usimpe. Pombe inazidi kumpoza.

Utajuaje anaendelea vizuri? Mwangalie anapoamka. Mwanakondoo mwenye afya akisimama hujinyoosha, mgongo unazama kidogo, mkia unatikisika. Asiye na afya husimama amejikunja, miguu minne imekusanyika pamoja, ubavu umeingia ndani. Ukiona amejinyoosha, nenda kalale. Tumbo likijaa liwe laini kama mkate, lisiwe gumu kama ngoma. Choo cha kwanza kitakuwa cheusi, kisha cha njano na chenye kunata. Hicho cha njano hukauka na kuziba njia, hivyo kisafishe kwa kitambaa na maji ya moto kiasi, usikivute.

Kitovu kichovye kwenye ayodini mara tu mfuko ukifika, na kesho tena. Tumechelewa kwa huyu, ilitakiwa iwe dakika zile zile za kuzaliwa. Na mwenzake pia, hata kama anarukaruka. Uchafu unaopanda kupitia kitovu hauonekani leo. Unaonekana baada ya wiki moja au mbili, goti linapovimba na kuwa la moto naye anachechemea, na watu hudhani amekanyagwa. Hapo ni sindano ya dawa mapema, ukisubiri anabaki kilema.

Akihara, usimnyime maziwa siku nzima. Katikati ya milo mpe maji ya sukari na chumvi, yale yale uliyofundishwa shuleni: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ile glukosi niliyotuma ni ya kuongeza nguvu kwenye maji, haichukui nafasi ya maziwa.

Wamebaki majike watatu wenye mimba, wale wa dume jeupe lenye kichwa cheusi ambalo baba yako alilinunua ranchi ya Kongwa. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, nami nimehesabu, wa kwanza atazaa kabla sijarudi. Kila jioni wahesabu, mtazame kila mmoja usoni.

Na hapa nikuonye kwa uzito. Mmoja akitupa mimba, au wanakondoo wawili watatu wakifa ndani ya siku chache, usishike kwa mikono mitupu, usichinje, msile, na mdogo wako asisogee. Mwanzo wa mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, ilipita hapa homa ya Bonde la Ufa. Kondoo walitupa mimba, watoto wao wakafa, na Dodoma yetu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Ugonjwa ule hubebwa na mbu, lakini mtu huupata pia kwa kushika damu na mimba iliyotoka. Watu walikufa. Tuliogopa hata kupita karibu na bucha. Sasa ni kiangazi na sidhani, ila siku ukiona hivyo, unapiga simu kwanza, mengine baadaye. Vilevile ukiona kondoo anatokwa machozi na kamasi nzito, ana vidonda mdomoni na anahara, hiyo yaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Mtenge na umwite afisa. Sotoka ina chanjo, na wetu walichanjwa, lakini wa jirani sijui kama walipelekwa.

Nimekuandikia mengi, na inawezekana barua hii ikufikie mwanakondoo amekwisha kufa.

Kama ni hivyo, mwanangu, kaa chini usome sehemu hii peke yako. Pacha mdogo aliyelala kwenye upepo kwa saa mbili, wengi hawavuki usiku wa kwanza, hata kwa mtu mwenye kila kitu. Ukiona kichwa kimepinda nyuma, anavuta pumzi kwa kushtukashtuka na macho hayafuati kidole chako, usimlazimishe maziwa ili ujisikie umefanya kitu. Mfunike, mshike. Akifa, mchimbie shimo la kina, mbwa wasimfukue, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha rudi kwa mwenzake, yeye bado anahitaji kula saa nne zijazo. Na mtu akikuambia "ni kondoo mmoja tu," usibishane naye. Ulimweka kifuani mwako. Mimi najua ulichofanya.

Ukitaka kulia, lia. Nilimlilia wa kwangu na bibi yako hakuniambia ninyamaze.

Bibi yako alizaliwa mwaka 1947, mwaka ambao Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa kwa matrekta wapande karanga. Baba yake alikuwa na kondoo wasiozidi kumi. Mvua haikuja kama walivyotaka wale wageni, na miaka michache baadaye mradi ukaachwa, vyuma vikabaki porini. Kondoo wa babu yako mkuu walikuwepo bado. Huwa anasimulia hayo bila majivuno yoyote, anasema tu kwamba baba yake aliamka usiku. Huyu mwekundu wetu ni wa ukoo ule ule, ndiyo maana nakung'ang'ania hivi.

Na yeye mwenyewe hapa ni kondoo hasa. Nesi akimuuliza kama anaumwa, anatikisa kichwa kwamba hapana. Juzi usiku alikuwa na maumivu ya mguu, sikujua mpaka nilipoona ameshika shuka kwa ule mkono mmoja mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Tangu hapo silali kiti kikiwa kimeelekea ukutani. Nimekigeuza kimwelekee yeye.

Kondakta ameshapiga simu kwa ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili, anasema niteremke. Jumamosi nitakuja na basi la asubuhi, shangazi yako atanipokea zamu. Unga wa mtama uko kwenye pipa la bluu, mlenda mkavu nimeuacha kwenye kopo juu ya kabati. Mle vizuri, wote wawili, msile ugali kwa chumvi kwa sababu ya uvivu.

Kabla sijafunga bahasha, bibi yako amenivuta khanga. Nikainama. Ameuliza rangi ya mwanakondoo. Nimemwambia hukunieleza. Akafumba macho, kisha akauliza tena, "Rangi gani?"

Iandike nyuma ya karatasi hii, na kama amesimama au hajasimama, umpe kondakta yule yule kesho asubuhi. Anarudi mjini saa mbili.

Mimi mama yako